UTULIVU WA MOYO BAADA YA KHOFU
(Muhadhara uliotolewa kwa waumini wa Kibiti baada ya Sala ya Alasiri)

Sifa zote njema zinamstahikia Allah (S.W.), Mwenye kuzimiliki nyoyo na kuzigeuza atakavyo. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake, Maswahaba wake na kila anayefuata nyayo zao kwa wema mpaka Siku ya Kiyama. Ama baad.



Mada tuliyopangiwa leo ni utulivu wa moyo na namna Muislamu anavyoilea nafsi yake. Tulipokuwa tukiitayarisha, mzee mmoja wa msikiti huu alitujia akatuambia: "Maalim, msije mkatueleza utulivu kama wanavyoelezwa watu wa mahali pasipotokea kitu. Tuelezeni kama watu wa Kibiti." Tumeona kauli ya mzee wetu ni ya haki. Kwa hiyo tutaanza na yale yaliyotufika, kisha tuiangalie dawa yake katika Kitabu cha Allah (S.W.) na mwenendo wa Mtume wake (s.a.w.).

MTIHANI ULIOTUPITIA

Kila aliyekuwepo hapa anakumbuka. Kati ya mwaka 2015 na 2017, wilaya zetu za Kibiti, Rufiji na Mkuranga zilikumbwa na mauaji. Wenyeviti wa vijiji na vitongoji, watendaji na raia wengine walipigwa risasi, baadhi yao wakifuatwa majumbani mwao usiku, mbele ya wake na watoto. Tarehe 13 Aprili 2017, askari polisi wanane waliuawa kwa pamoja katika eneo la Mkengeni, hapa hapa Kibiti, wakiwa wanarejea kutoka lindoni. Idadi ya waliouawa katika kipindi hicho ilivuka watu thelathini. Mwezi Novemba mwaka huo huo, mwandishi wa habari Azory Gwanda, aliyekuwa akiandika habari za mauaji hayo, alitoweka Kibiti na hakuonekana tena. Na zipo familia nyingine ambazo hadi leo hazijui wapendwa wao wapo wapi. Hazina kaburi la kuzuru wala barua ya kusoma.

Kisha, mwaka 2024, ikaja zamu ya maji. Mwezi Aprili Mto Rufiji ulifurika, ukameza mashamba na nyumba katika wilaya za Rufiji na Kibiti. Kabla watu hawajavuta pumzi, mwanzoni mwa mwezi Mei Kimbunga Hidaya kikaifikia pwani yetu upande wa Mafia.

Ndugu Waislamu, katika Suratul Baqara aya ya 155, Allah (S.W.) anatufahamisha kuwa atatujaribu kwa mambo matano: khofu, njaa, upungufu wa mali, wa nafsi na wa mazao. Tukihesabu kwa insafu, yote matano tumeyaona ndani ya miaka kumi. Na tuzingatie kwamba khofu imetajwa kabla ya njaa. Mwenye njaa huweza kulala akimtegemea jirani yake. Mwenye khofu humwogopa hata jirani.

Wahenga walisema, mwenye kovu usidhani kapoa. Miaka imepita, biashara zimerudi, bodaboda zinatembea usiku, na anayepita barabara kuu kwenda Lindi na Mtwara haoni alama yoyote. Lakini sisi tunaoishi hapa tunayajua makovu. Gari lisilojulikana likisimama jioni mbele ya nyumba, mazungumzo hukatika. Mgeni akisali safu ya nyuma, wapo wanaogeuza shingo baada ya kutoa salamu. Wapo vijana waliokulia katika miaka ile wasioweza kulala bila taa. Wapo ndugu wawili, mtu na kaka yake, ambao mpaka leo hawazungumzi kwa sababu mmoja alidhaniwa kuwa ndiye aliyemtaja mwenzake. Hayo ndiyo maradhi tunayokusudia kuyazungumzia.

MAANA YA TUMA'NINA

Neno la Kiarabu linalotumika katika Qur'an kwa utulivu wa moyo ni tuma'nina. Katika Suratur Ra'd aya ya 28 tunafundishwa kuwa nyoyo hutulia kwa kumkumbuka Allah. Mabingwa wa lugha wanaeleza kuwa Waarabu walilitumia neno hili pia kwa ardhi: ardhi iliyo tambarare na ya chini, ambayo maji yakiifikia hutua. Watu wa Rufiji hawahitaji kueleweshwa zaidi. Bonde letu ndilo hilo. Maji yanayoporomoka kwa kishindo huko juu yakifika kwetu hupunguza mwendo, hutandaa, huacha rutuba, na yakishuka mkulima huingia kulima mlao wake wa mahindi na maboga.

Basi moyo uliotulia si moyo usiofikiwa na mafuriko. Ni moyo ambao msiba ukiufikia hupata mahali pa kutua, na ukiondoka huacha kitu cha kuotesha. Wanaodhani utulivu ni kutokuwa na tatizo wanautafuta mahali usipopatikana. Nabii Musa ('alayhis salaam) aliingiwa na khofu nafsini mwake mbele ya wachawi, na Qur'an haikuificha (Suratu Taha, aya ya 67). Mtume wetu (s.a.w.) alitokwa na machozi alipofiwa na mwanawe Ibrahim. Kwa hiyo khofu na huzuni si dalili ya udhaifu wa imani. Kinachoangaliwa ni wapi khofu inampeleka mtu.

MFANO WA NABII YA'QUB

Tungependa kusema neno mahsusi kwa familia ambazo watu wao hawajulikani walipo, kwa sababu mara nyingi huambiwa maneno yasiyo sahihi kwa jina la dini. Huambiwa: "Subirini, acheni kuuliza, mnapingana na Kadari."

Nabii Ya'qub ('alayhis salaam) alipotelewa na mwanawe. Hakuletewa maiti, aliletewa kanzu yenye damu ya uongo. Katika Sura Yusuf tunasimuliwa kuwa alilia mpaka macho yake yakawa meupe kwa huzuni (aya ya 84). Wanawe walipomlaumu, aliwajibu kuwa malalamiko yake anayapeleka kwa Allah (aya ya 86). Baada ya hapo, katika aya ya 87, tunamwona akiwaamrisha wanawe waende wakamtafute Yusuf na nduguye, wala wasikate tamaa na rehema ya Allah.

Tuyatazame mambo matatu yaliyokusanyika kwa mtu mmoja: alilia, alimshitakia Mola wake, na aliendelea kutafuta. Mama anayebisha hodi kila ofisi akiuliza habari za mwanawe hajatoka katika subira. Anafuata nyayo za Nabii. Atakayemwambia anyamaze kwa hoja ya subira hajaisoma Sura Yusuf mpaka mwisho. Wajibu wetu sisi majirani ni kumsindikiza anapokwenda kuuliza, na kumshika mkono anaporudi bila jibu.

NJIA ZISIZOFIKISHA

Mwenye kiu hunywa hata maji ya dimbwi, na mwenye khofu hutafuta utulivu popote. Zipo njia tatu ambazo wengi wetu tulizikimbilia.

Ya kwanza ni kuzitegemea hirizi, kago na waganga. Katika siku zile waliofaidika ni waganga. Vitu vilifungwa viunoni mwa watoto na kuchimbiwa milangoni. Jambo hili si geni kwetu. Mwaka 1905, huko Ngarambe, watu walimiminika kwa Kinjikitile Ngwale kupokea maji yaliyosemwa kuwa yatazigeuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Wazee wetu walikuwa na dhuluma ya kweli ya kulalamikia: walilazimishwa kulima pamba, wakatozwa kodi na kupigwa viboko. Ushujaa wao tunauheshimu. Lakini maji yale hayakuzuia risasi, na Kinjikitile mwenyewe alinyongwa Mohoro mwezi Agosti mwaka huo huo. Mtume (s.a.w.) amekemea vikali kutundika hirizi, kama ilivyopokewa katika Musnad ya Imamu Ahmad, kwa sababu inampa mtu utulivu wa uongo na kuukata moyo wake na Mwenye kumiliki nafuu na madhara.

Ya pili ni dhana mbaya. Tulidhani kuwa tukimshuku kila mtu tutasalimika. Suratul Hujurat aya ya 12 inatuamrisha tujiepushe na dhana nyingi, inakataza kupelelezana na kusengenyana. Mtume (s.a.w.), katika Hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, ameielezea dhana kuwa ni mazungumzo ya uongo kuliko yote. Tusifahamike vibaya. Mwenye habari ya uhakika ya uovu unaopangwa ni wajibu wake kuifikisha, kwani kumficha muuaji ni kushiriki damu. Tunachokikataza ni ile tabia ya kumhukumu mtu kwa urefu wa ndevu zake, ufupi wa suruali yake, kabila lake au kijiji alichotoka.

Ya tatu ni kisasi. Wapo waliowaendea vijana wetu wakawaambia kuwa atakayechukua silaha ataupata utulivu na heshima. Kijana mwenye uchungu na asiye na kazi huyasikia maneno hayo kama tiba. Tunasema wazi bila kumung'unya maneno: Suratul Maida aya ya 32 inafananisha kuiua nafsi moja bila haki na kuwaua watu wote. Mjane wa mwenyekiti wa kitongoji na mjane wa askari wanalia kilio kimoja. Hakuna dini inayosimama juu ya vilio hivyo, na moyo wa aliyemwaga damu hautulii mahali popote.

TUANZIE WAPI?

Katika Suratur Ra'd hiyo hiyo, aya ya 11, Allah (S.W.) anatufundisha kuwa hayabadilishi yaliyo kwa watu mpaka wao wabadilishe yaliyomo nafsini mwao. Na katika Suratush Shams amefungamanisha kufaulu na kuitakasa nafsi. Kazi hiyo wanazuoni wanaiita tazkiya. Sisi tunapendekeza mambo manne, ambayo mvuvi wa Nyamisati, mkulima wa mpunga katika delta na mwenye duka wa hapa mjini wote wanayaweza.

(i) Kutulia ndani ya Sala. Hadithi ya Abu Huraira (r.a.), katika Bukhari na Muslim, inatusimulia habari za mtu aliyesali upesi upesi. Mtume (s.a.w.) akamrudisha asali tena, mara tatu, mpaka mtu yule akaomba afundishwe. Akafundishwa arukuu mpaka atulie, asimame mpaka alingane, asujudu mpaka atulie. Neno lililotumika hapo ni lile lile la tuma'nina. Ndugu zetu, asiyetulia katika rukuu kwa muda wa tasbihi tatu atatulia vipi msiba ukimjia? Tunataka moyo ukae kimya siku ya kishindo, ilhali hatujaufundisha kukaa kimya hata mara moja kati ya mara tano za kila siku. Aanze mmoja wetu na Sala ya leo ya Magharibi. Asiongeze rakaa, aongeze utulivu.

(ii) Kujihesabu. Masahaba na wema waliowafuata walikuwa na desturi ya kuihesabu nafsi, na Imamu Al-Ghazali ameutengea mlango mzima katika Ihyaa. Kabla ya kulala tujiulize: Leo nimemshuku nani bila ushahidi? Nimepeleka maneno gani kwa nani? Nimemnyima nani salamu?

Katika jambo hili hatuna budi kuanza na nafsi zetu sisi walimu. Usiku mmoja wa mwaka 2017, baada ya Isha, kijana mmoja alitufikia msikitini. Viatu vyake vilikuwa na tope la delta. Aliomba alale barazani mpaka alfajiri. Hatukumuuliza jina lake wala shida yake. Tulitazamana, kisha tukamwambia msikiti unafungwa. Akatushukuru, akaondoka kwa miguu. Siku ya tatu tulimwona tena mchana, akiwa na mama yake mgonjwa aliyekuja kutibiwa. Alikuwa ametangulia usiku ule kumtafutia mahali pa kufikia. Alitupa salamu kwa heshima zote, nasi tuliijibu huku tukitazama chini.

Mpaka leo tunapofundisha watoto haki za mgeni, kijana yule hutujia machoni. Tulikuwa na elimu, tulikuwa na Hadithi tulizohifadhi kwa isnadi zake, lakini khofu ilituwahi kabla ya elimu. Tulijifunza usiku ule kuwa elimu iliyo kichwani haimlindi mtu mpaka iteremke moyoni. Na pia tulijifunza kwamba kuufunga mlango hakukutupa usingizi.

(iii) Kufunga kamba kisha kutawakali. Hadithi iliyopokewa na Tirmidhi inatufundisha kumfunga ngamia kwanza, kisha kumtegemea Allah. Watu wa delta wanaijua maana yake: hakuna mvuvi anayeacha ngalawa bila kuifunga wakati wa bamvua kwa hoja ya tawakali. Wazee wetu walijenga madungu juu ya nguzo katikati ya mashamba ya mpunga, kwa sababu walijua maji yatakuja. Hata baada ya serikali kuwahamishia watu nyanda za juu mwishoni mwa miaka ya 1960, wakulima waliendelea kurudi mabondeni msimu wa kilimo na kupanda madungu yao, wakilinda mpunga dhidi ya ndege na nguruwe. Basi tujipange: jamaa za msikiti zijue nyumba zilizo bondeni, nani mzee asiyeweza kutembea, nani ana mtumbwi. Anayeusikiliza utabiri wa mamlaka ya hali ya hewa na kuhamisha chakula chake mapema hajapunguza imani. Na baada ya kufanya hayo, kikiharibika kitu, Suratul Hadid aya ya 22 na 23 inatukumbusha kuwa yote yamekwisha andikwa, ili tusikate tamaa kwa kilichotupita wala tusijivune kwa tulichopewa.

(iv) Amali ndogo yenye kudumu. Bibi Aisha (r.a.) amepokea kuwa amali zinazopendeza zaidi kwa Allah ni zile zinazodumu, hata zikiwa chache. Nyiradi za asubuhi na jioni, ukurasa mmoja wa Qur'an, kumjulia hali mjane mmoja kila Ijumaa, kumwamkia yule uliyekatana naye: haya ni machache, lakini haba na haba hujaza kibaba.

MKOKO NA MAJI

Ndugu Waislamu, delta yetu ina msitu wa mikoko wa hekta zipatazo 53,000, nao ndio mkubwa kuliko yote katika pwani ya Afrika Mashariki. Kila siku maji hujaa na kupwa mara mbili. Mkoko umeota juu ya tope laini, ambalo mtu akilikanyaga huzama mpaka magotini, lakini mti umesimama. Haukusimama kwa ugumu wa ardhi. Umesimama kwa sababu mizizi yake ni mingi, imejitandaza, na imeshikana na mizizi ya jirani yake. Na mizizi hiyo haikuota siku ya kimbunga. Iliota katika siku za kawaida, maji yalipokuwa yakija na kuondoka bila mtu kuyatazama.

Vivyo hivyo moyo. Siku zetu za kawaida ndizo za kuotesha mizizi. Na muumini mmoja mmoja, hata awe na nyiradi nyingi kiasi gani, atang'oka akiwa peke yake. Ndiyo maana Sala imewekwa kwa jamaa, na safu ikatakiwa igusane bega kwa bega. Yule unayemwogopa ndiye ambaye Sheria imekuamrisha usimame ukigusana naye. Hapo ndipo khofu huanza kuyeyuka.

Kwa hiyo tunatoka na ombi moja kwenu, nalo si kubwa. Kila mmoja amkumbuke mtu mmoja ambaye miaka ile ilimtenganisha naye. Kama ni ndugu, amfuate nyumbani. Kama ni jirani, ampelekee walau futari ya mihogo Ramadhani inapowadia, asingoje kuombwa radhi kwanza. Na kama ni mgeni ambaye hatutamwona tena, kama kijana yule wa kwetu, basi tumwombee dua, na mlango uliofungwa mbele yake tuufungue kwa mgeni mwingine. Sisi tumeshakubaliana na kamati ya msikiti kuwa baraza haitafungwa tena kwa msafiri. Atapewa jamvi, maji na chai ya alfajiri, na asubuhi tutamuuliza shida yake. Mzee wetu aliyetuasa tuzungumze kama watu wa Kibiti ndiye aliyeleta majamvi mawili ya kuanzia.

Tunamwomba Allah (S.W.) awarehemu waliouawa bila haki, awafariji wajane na mayatima wao, awarudishe walio hai miongoni mwa waliopotea na azipe yakini familia zinazosubiri. Tunamwomba ailinde nchi yetu na shari ya wenye shari, ayafanye maji ya mto wetu kuwa ya baraka, azisafishe nyoyo zetu na dhana na chuki, na atuteremshie utulivu kama alivyowateremshia waumini waliotutangulia. Aamin.

Wabillahi tawfiiq. Wassalaamu 'alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.